Jinsi ya Kuandaa Chakula cha Jioni cha Kuonja Mvinyo Uliofichwa Lebo

Anayeonja mvinyo huku akiitazama lebo huwa ameshauonja kwa macho kabla haujafika kinywani. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakauelezea kwa maneno yanayotumika kuelezea mvinyo mwekundu. Ikiwa rangi peke yake yaweza kuwapoteza waliosomea, sembuse sisi wapenzi tu, tukishaona jina la shamba na kukumbuka bei ya dukani? Maelekezo haya ni ya meza ya watu sita jijini Dar es Salaam, na kila hatua yake inalenga jambo moja: mtu aandike anachokionja yeye kabla hajakiona wala kukisikia cha mwenzake.

Anza kwa kuchagua chupa zinazolingana kwa jambo moja na kutofautiana kwa jingine, kwa sababu chupa sita zilizookotwa popote hazifundishi kitu. Kwa mzunguko wa kwanza napendekeza zabibu ya Chenin Blanc kutoka nchi tatu: Dodoma, ambako imekubali udongo na jua, Afrika Kusini, ambako zamani waliiita Steen, na Vouvray katika bonde la mto Loire, Ufaransa, ambako ndiko kwao. Ya Vouvray iwe na neno "sec", yaani usio mtamu, kwenye lebo, maana huko hutengenezwa pia mvinyo mtamu na wenye povu, na utamu ungeifichua chupa hiyo mara moja. Mzunguko wa pili uwe wa mvinyo mwekundu wenye mtego: chupa mbili za aina moja na mwaka mmoja kutoka Dodoma, pamoja na moja ya Pinotage, zabibu iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1925 kwa kupandanisha Pinot Noir na Cinsaut. Wageni waambiwe kwamba glasi mbili kati ya tatu ni sawa, na kazi yao ni kuitambua iliyo tofauti.

Kuficha chupa ni kazi ya watu wawili, na hapa ndipo wengi hukosea. Wa kwanza, akiwa peke yake jikoni, anazifungua zote kwa kizibuo, anabandua karatasi ya shingoni, kisha anaingiza kila chupa katika mfuko wa kaki na kuufunga shingoni kwa kamba ya katani. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2019, mifuko ya karatasi haikosekani dukani. Akitoka, wa pili anaingia, anabadilisha mpangilio wa chupa ndani ya kila mzunguko, kisha anaandika herufi juu ya mifuko. Kwa njia hiyo hakuna anayejua jibu lote, na hata mwenyeji anaweza kuonja kwa haki. Kumbuka kwamba umbo la chupa nalo husema: ya Bordeaux ina mabega yaliyoinuka, ya Burgundy, eneo jingine la mvinyo la Ufaransa, imeteremka taratibu, na mpenzi mzoefu huyahisi mabega hayo hata kupitia karatasi, kwa hiyo jaza gazeti lililokunjwakunjwa kati ya mfuko na chupa. Vizibo vitiwe mfukoni. Katika karamu yetu ya kwanza nilifunga chupa kwa ustadi mkubwa, nikaviacha vizibo vyenye majina juu ya meza ya jikoni, na mgeni aliyefuata barafu akarudi sebuleni na majibu yote, akitabasamu.

Nyumba nayo iandaliwe, lakini kinyume cha desturi. Sisi watu wa pwani hatupokei mgeni bila kufukiza udi, na jioni hiyo ndiyo pekee ambayo chetezo hakina budi kukaa kabatini, kwani moshi wa udi hufunika kila harufu iliyomo ndani ya glasi. Wageni waombwe mapema wasijipake marashi, nacho kitunguu cha pilau kikaangwe mchana. Kuhusu joto, usifuate ushauri wa kuandaa mvinyo mwekundu "kwa joto la chumba", maana chumba kinachokusudiwa ni cha Ulaya, si sebule yenye nyuzi 30. Mwekundu ukae kwenye jokofu hadi ushuke kuelekea nyuzi 16, na mweupe uonjwe ukiwa na nyuzi 10 hadi 12, kwa kuwa ukizidi kuwa baridi harufu yake hujifungia.

Mimina mililita 50 katika kila glasi, glasi zote zikiwa za umbo moja. Chupa ya mililita 750 itabakisha 450 za kunywea chakula, naye atakayemeza kila kitu atakuwa amekunywa mililita 300 kabla hajala, kiasi ambacho si kidogo. Kwa hiyo kila mtu apewe kikombe chake cha udongo chenye kina cha kutemea, kwani watu huona haya kutema katika ndoo ya pamoja, na usafiri wa kurudi nyumbani upangwe kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa. Mkate mweupe na maji vinatosha kusafisha kinywa.

Kisha kuwe kimya kwa dakika kumi. Naisisitiza sheria hii kuliko nyingine zote, kwa sababu mmoja akisema "nasikia harufu ya pera", wote sita watalisikia pera hilo hata kama halimo. Watu waandike kwa maneno ya vinywa vyao, wasitafute matunda ya msituni wasiyowahi kuyaonja. Ukakasi wa mvinyo mwekundu, ule unaokausha ufizi, ni uleule wa bibo au ndizi mbichi, na mtu anaweza kuandika kama ni wa bibo bivu au changa. Uchachu wa Chenin upimwe kwa ukwaju, embe bichi au ndimu, na harufu kwa nanasi, asali, zambarau, karafuu, au udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Harufu ya boksi lililoloa ni habari nyingine: huenda kizibo kimeuharibu mvinyo, na chupa hiyo iondolewe mezani.

Katika mzunguko wa kwanza, panga kwa nafasi badala ya alama, maana kuna mkarimu anayempa kila mvinyo 18 kati ya 20 na bahili asiyevuka 12. Jumlisha nafasi za wote. Yenye jumla ndogo ndiyo iliyopendwa zaidi. Kwa mtego wa glasi tatu, kumbuka kwamba anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu, hivyo wawili wakipatia kati ya sita msiwapigie makofi bado.

Mifuko isivuliwe kabla ya chakula. Lete pilau na nyama ya kuchoma, wageni waonje tena kila herufi na kuandika nafasi mpya, kwani chumvi na mafuta ya nyama hupunguza ukakasi, pilipili hukifanya kileo kichome zaidi, na ndimu ya kachumbari huufanya mvinyo usio na uchachu uonekane umepooza. Mara nyingi iliyokuwa ya mwisho hupanda. Baada ya hapo vueni mifuko mmoja mmoja, mkianzia iliyoshika mkia, na kabla kila mfuko haujavuliwa kila mtu ataje kwa sauti nchi aliyoikisia. Kitakachobaki kizibwe na kurudishwa kwenye jokofu, nacho kitanyweka vizuri kwa siku mbili au tatu.