Jinsi ya kuanzisha semina ya Kiswahili ndani ya kozi isiyo ya lugha

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu mwenzangu anayefundisha Kiswahili kwenye chuo cha Marekani. Unamjua yule mwanafunzi aliyesoma nasi mihula minne, mdomo ndiyo kwanza unafunguka, na kozi za lugha zimemwishia. Muhula unaofuata anachukua Historia ya Afrika au Afya ya Jamii, mwanzo hadi mwisho kwa Kiingereza, na Kiswahili chake kinaanza kuota kutu.

Semina ya lugha humsaidia huyo. Ni saa moja kwa wiki yenye krediti moja, imepachikwa kwenye kozi ya kawaida: mada ni zile zile za mhadhara, ila mjadala ni kwa Kiswahili. Si jambo jipya. Chuo cha St. Olaf kule Minnesota kilianza mtindo wa namna hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na Binghamton, New York, wakafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Binghamton walitumia wanafunzi wa uzamili kutoka nje kuongoza vikundi, kwa kuwa watu hao walikuwepo chuoni tayari, na lugha wanayo.

Hatua ya 1: Anza na mhadhiri, si wanafunzi

Mfuate muhula mzima kabla. Hana haja ya kujua Kiswahili hata neno. Mwombe vitu vitatu tu: silabasi mapema, dakika tano siku ya kwanza ya darasa ili uitangaze semina, na ruhusa mwanafunzi atumie matini ya Kiswahili kama chanzo kwenye insha yake. Ukiomba zaidi ataogopa. Wa kwanza niliyemfuata alidhani nataka kumnyang'anya kozi.

Hatua ya 2: Ofisi ya usajili

Krediti moja, matokeo ya kufaulu au kutofaulu bila alama za herufi, na saa isiyogongana na mhadhara. Usikubali Ijumaa alasiri. Basi.

Hatua ya 3: Tafuta matini ambayo Kiingereza hakiwezi kuibeba

Hapa ndipo semina hufa au hupona, na mimi yangu ya kwanza niliiua. Nilichukua sura walizopangiwa na mhadhiri, nikazitafsiri usiku kucha. Wanafunzi si wajinga: walisoma Kiingereza, wakaja kunisomea Kiswahili changu kama dua. Hakukuwa na cha kujadili.

Muhula uliofuata, wiki ya Ujamaa, nilileta kurasa mbili za Azimio la Arusha la 1967 kwa Kiswahili chake. Kwenye mhadhara walikuwa wameisoma tafsiri ya Kiingereza, ambayo kwa "kunyonywa" hutumia "exploit", neno linalofaa pia kwa kuchimba mgodi. Mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono, amekunja uso: "Mwalimu, mtoto ananyonya. Bepari naye ananyonya?" Kitenzi hicho alikuwa amekikuta kwenye somo letu la familia. Nikawauliza: tofauti ni nini? Mmoja akasema mtoto ana haki. Mwingine akasema mtoto hukua, akaachishwa ziwa. Nikawatajia ile mirija iliyozoeleka kwenye siasa za enzi hizo, kwamba mirija ya wanyonyaji ikatwe. Dakika arobaini zikapita kwenye kitenzi kimoja, na hakuna aliyeniuliza ngeli.

Kila taaluma ina neno lake la namna hiyo. Kwenye Afya ya Jamii mimi hutumia degedege. Mhadhiri anafundisha malaria kali kwa watoto. Kwenye semina tunasoma maelezo ya mama wa Pwani ambaye kwake homa ya malaria ni ya hospitali, lakini mtoto akikakamaa na kugeuza macho huo ni ugonjwa mwingine, wa mganga. Mwanafunzi akishaelewa hapo, anajua kwa nini bango lenye neno "malaria" peke yake linaweza kumpita mama huyo. Kwa Uchumi, jaribu upatu na vikoba.

Urefu wa matini: ukurasa mmoja, au mbili zikizidi sana.

Hatua ya 4: Maandalizi

Maneno 15 yenye maelezo kwa Kiswahili, yatumwe siku tatu kabla. Maswali matatu. Swali likiweza kujibiwa kwa kunakili sentensi kutoka kwenye matini, lifute.

Hatua ya 5: Dakika 50 zenyewe

Kumi za mwanzo, wawili wawili, wakielezana mhadhara wa wiki ulisema nini. Zinazobaki ni za matini. Akikwama, aruhusiwe neno moja la Kiingereza, kisha kundi limtafutie la Kiswahili. Linaandikwa ubaoni na linabaki pale. Usisahihishe sarufi katikati ya hoja. Hili lilinishinda kwa muda mrefu, maana mkono wa mwalimu wa lugha huwasha. Andika makosa kwenye karatasi, rudisha mawili mwishoni.

Utapata pia wanafunzi ambao Kiswahili ni cha nyumbani, wengi siku hizi wakitoka familia za Kongo Mashariki. Binti mmoja alisema "batu banakimbia", darasa likanitazama mimi. Nikamwomba aendelee. Wiki ile mada ilikuwa wakimbizi, na yeye ndiye pekee aliyekuwa na la kusema lisilotoka kitabuni. Ukimkata mtu kama huyo kwa ajili ya "watu wanakimbia", hutamsikia tena muhula mzima.

Hatua ya 6: Rudisha kitu kwenye kozi kubwa

Mara mbili kwa muhula, mwombe mhadhiri dakika tatu. Mwanafunzi wa semina asimame mbele ya wenzake mia na kueleza, kwa Kiingereza sasa, kile walichokiona wao ambacho wenzao hawakukiona. Yule wa mtoto na bepari alichora ziwa ubaoni, akaona haya, akalifuta, akachora mrija. Muhula uliofuata mhadhiri alinitumia silabasi kabla sijaiomba.