Kuchangia Shirika la Usonji Kupitia Mshahara Wako Uingereza: Hatua kwa Hatua

Kama umeajiriwa Uingereza na mshahara wako unakatwa kodi kwa PAYE, yaani mwajiri anaikata kabla hujalipwa, unaweza kuchangia shirika la usonji kila mwezi bila kutoa kadi ya benki na bila kukumbuka tarehe. Mchango unachukuliwa kwenye mshahara ghafi, kabla kodi haijapigiwa hesabu. Ukiahidi pauni 10 na kodi yako ni asilimia 20, mfukoni zinakupungua pauni 8 tu. Aliye kwenye asilimia 40 zinampungua 6, na wa asilimia 45 ni pauni 5 na peni 50. Scotland wana viwango vyao, kwa hiyo mtu wa asilimia 42 kule zinampungua pauni 5 na peni 80. Mpango huu ulianza 1987 na unaitwa Payroll Giving. Kwenye slipu nyingi za mshahara huandikwa GAYE, kifupi cha Give As You Earn.

Manesi wetu, walezi wa wazee, madereva wa mabasi na watu wa bohari wengi wanakatwa PAYE kila mwezi na hawajui kwamba mlango huu uko wazi kwao. Na mashirika ya usonji yanauhitaji sana, kwa sababu fedha inayoingia kila mwezi bila kukatika ndiyo inayolipa mtu wa kupokea simu za wazazi. Mchango mkubwa wa mara moja, hasa ule wa Aprili 2, siku ya usonji duniani, hauwezi kumwajiri mtu wa mwaka mzima.

Hatua ya 1: Angalia kama unakatwa kodi

Chukua slipu ya mwezi uliopita. Kama kwenye mstari wa kodi kuna sifuri, mara nyingi maana yake hujavuka pauni 12,570 kwa mwaka, na njia hii haina nafuu kwako: pauni 10 itakugharimu 10. Changia shirika moja kwa moja, lakini usitie alama kwenye Gift Aid. Gift Aid inalifanya shirika lidai kodi uliyolipa wewe, na kama hukulipa, HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wanaweza kukudai wewe hiyo tofauti.

Mwenye kazi mbili aweke mchango kwenye ile inayokatwa kodi. Mara nyingi ni kazi ya pili, yenye msimbo wa kodi BR, ambayo hukatwa asilimia 20 tangu pauni ya kwanza. Mstaafu anayelipwa pensheni ya kazini kwa PAYE anaweza kushiriki pia, mradi mlipaji wake ana mpango huu. Aliyejiajiri hawezi, yeye atumie Gift Aid. Na anayepokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, asiogope: kanuni zake zinauondoa mchango wa Payroll Giving kabla ya kuhesabu mapato ya kazi.

Hatua ya 2: Chagua shirika, na uandike namba yake

Majina ya mashirika ya usonji yanafanana mno, na fomu iliyojazwa jina tu inaweza kupeleka fedha kusikokusudiwa. Kinacholitambulisha shirika ni namba ya usajili. National Autistic Society, lililoanzishwa 1962 na wazazi, ni 269425 kwa England na Wales, na SC039427 kwa Scotland. Hilo hutoa ushauri kwa familia na kuendesha shule. Autistica linagharamia utafiti. Ambitious about Autism linahusika zaidi na watoto na vijana, na Scottish Autism linahudumia Scotland. Amua kwanza unataka fedha yako ifanye kazi gani, ndipo uangalie jina.

Namba za England na Wales huwa na tarakimu sita au saba. Za Scotland huanza na SC, za Ireland ya Kaskazini na NIC. Ukiona namba yenye tarakimu nane, hiyo ni ya kampuni. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu vikundi vingi vya wazazi wa watoto wenye usonji mitaani vimesajiliwa kama CIC, yaani kampuni ya kijamii. Kazi yao ni nzuri na ya kweli, lakini CIC si shirika la hisani kisheria, na Payroll Giving haiwezi kuwapelekea hata peni moja. Wasaidie kwa njia nyingine.

Vivyo hivyo kwa kituo cha usonji Mombasa au Dar es Salaam. Usajili wa Kenya au Tanzania hautoshi. Kinachowezekana ni kuchangia shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza ambalo linakisaidia kituo hicho. Uliza kituo chenyewe kama wanalo, na lipi, kisha uthibitishe namba yake kwenye daftari la Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani ya England na Wales, ambalo kila mtu anaweza kulitazama mtandaoni bure.

Usigawanye pauni 5 kwa mashirika matatu. Wakala anayepitisha fedha (tutamfikia Hatua ya 3) ana ada, kila shirika lina kazi ya kuandika mapokezi, na kiasi kinachobaki kinakuwa kidogo mno. Chagua moja ukae nalo miaka. Pauni 5 isiyokatika ina faida kuliko 30 inayofutwa mwezi wa tatu.

Hatua ya 3: Uliza kazini

Waandikie HR au ofisi ya mishahara: mna Payroll Giving, na wakala wenu ni nani? Sheria inataka fedha ipitie kwa wakala aliyeidhinishwa na HMRC. Mwajiri hawezi kuipeleka kwa shirika yeye mwenyewe na ukapata nafuu ya kodi. Trust nyingi za NHS (huduma ya afya ya serikali), halmashauri na kampuni kubwa wana mpango tayari, ila hautangazwi.

Kama haupo, mwambie meneja mambo matatu anayotaka kusikia. Mkataba ni kati ya mwajiri na wakala mmoja tu, hata kama wafanyakazi watachangia mashirika hamsini. Makato yanapita kwenye programu ileile ya mishahara. Na gharama za kuuendesha mpango zinaondolewa kwenye faida yake kabla ya kodi. Wajibu wake mkubwa ni kumfikishia wakala fedha kufikia tarehe 19 ya mwezi unaofuata na kutunza kumbukumbu. Mkienda wafanyakazi watatu au wanne pamoja, jibu huja haraka zaidi.

Uliza pia nani analipa ada ya wakala. Ikitolewa kwenye mchango wako, tuseme asilimia 4, pauni 10 itafika 9 na peni 60. Waajiri wengine huilipa wao, na wengine huongeza mchango wao juu ya wako. Mambo haya hayasemwi mpaka uulize.

Hatua ya 4: Fomu

Jaza. Namba ya mfanyakazi iliyo kwenye slipu ndiyo inayotakiwa, si namba ya National Insurance (bima ya taifa) peke yake. Utaulizwa kama jina lako lipelekwe kwa shirika. Ukikataa, mchango unafika bila jina. Kama fomu itafika baada ya ofisi kufunga mishahara ya mwezi huo, itaanza mwezi ujao.

Angalia vizuri sehemu ya kipindi. Anayelipwa kila wiki nne hulipwa mara 13 kwa mwaka, kwa hiyo pauni 10 kila malipo ni 130, si 120. Anayelipwa kila wiki akiandika 10 akidhani ni ya mwezi, atajikuta ametoa 520. Na mchango ukishakatwa hurudishiwi; unachoweza ni kusimamisha unaofuata.

Hatua ya 5: Kagua slipu ya kwanza

Hapa usiharakishe. Kosa linaloweza kutokea ni ofisi ya mishahara kuuweka mchango kwenye makato ya baada ya kodi, pamoja na ada ya chama na mkopo. Slipu inaonekana sawa, shirika linapata fedha yake, na wewe unapoteza nafuu yote miezi na miezi bila kujua.

Chukua mshahara wa pauni 2,200 kwa mwezi, msimbo wa kodi 1257L, England, bila pensheni. Bila mchango, kodi ni 230.20, National Insurance 92.16, na mkononi inaingia 1,877.64. Ukiweka mchango wa 10 kwa usahihi, kodi inashuka hadi 228.20, National Insurance inabaki 92.16 vilevile, na mkononi ni 1,869.64. Tofauti ni pauni 8 kamili. Ukikuta mkononi ni 1,867.64, pauni 10 nzima imeondoka na kodi haikushuka: mchango umewekwa baada ya kodi.

Wengi hushtuka kuona National Insurance haijapungua. Haipaswi kupungua. Payroll Giving inagusa kodi ya mapato tu. National Insurance huhesabiwa kwenye mshahara mzima, na marejesho ya mkopo wa chuo pia. Kama National Insurance nayo imeshuka, mkononi utaona umepungukiwa 7.20 tu. Usifurahi. Hilo ni kosa la upande wa pili, na siku likigunduliwa, malipo hayo yatadaiwa.

Kama mwezi huo ulikuwa na ovataimu, usilinganishe na slipu ya mwezi uliopita, utachanganyikiwa. Tafuta visanduku viwili, mara nyingi chini ya slipu: mshahara unaotozwa kodi na mshahara unaotozwa National Insurance. Kwa mfano wetu cha kwanza kisome 2,190 na cha pili 2,200. Mwenye pensheni anaweza kuona kisanduku cha kodi kimeshuka zaidi, kwa sababu ya pensheni hiyo. Muhimu ni kwamba pauni 10 za mchango zimo kwenye upungufu huo. Kama visanduku viko sawa na huna pensheni, mchango haujatambuliwa kama Payroll Giving.

Ukikuta kosa, andika barua pepe siku hiyohiyo, ambatanisha slipu mbili, ya kabla na ya baada, na utaje visanduku hivyo kwa jina. Usiseme tu kwamba nafuu haijaingia. Mtu wa mishahara ataangalia mstari wa mchango, aone 10 ipo, akujibu kwamba kila kitu ni sawa. Mwambie aina ya makato ibadilishwe iwe kabla ya kodi, baada ya National Insurance. Kwa msimbo wa kawaida kodi huhesabiwa kwa kujumlisha tangu Aprili 6, mwaka wa kodi unapoanza, kwa hiyo wakisahihisha na miezi ya nyuma, pauni zako 2 za kila mwezi hurudi kwenye slipu inayofuata. Msimbo ukiwa na M1 au W1 mwishoni, kila kipindi kinasimama peke yake na kodi ya nyuma hairudi hivihivi. Ndiyo maana ni bora kulimaliza kosa hilo kabla ya Aprili 5, mwaka wa kodi unapoisha.

Kisha, baada ya mwezi wa pili, muulize wakala kama fedha imepokelewa na kupelekwa kwa namba ya shirika uliyoandika. Kukatwa kwenye slipu si ushahidi kwamba imefika.

Hatua ya 6: Safisha ya nyuma

Kama ulikuwa unalichangia shirika hilohilo kupitia benki, futa oda hiyo ukishaona slipu sahihi, la sivyo utalipa mara mbili. Usisaini Gift Aid kwa fedha ya Payroll Giving. Haistahili, na shirika likiidai litalazimika kuirudisha. Anayejaza Self Assessment, yaani ripoti ya kodi ya kujijazia mwenyewe, asiuandike mchango huu tena, kwa sababu mshahara ulio kwenye P60, karatasi ya mwajiri ya mwisho wa mwaka wa kodi, umeshaondolewa mchango.

Ukihama kazi, mchango unakufa siku ya mshahara wa mwisho na hakuna anayekuarifu, wala shirika haliambiwi sababu. Wafanyakazi wa mawakala wa ajira na wa kuitwa wanaweza kupoteza mchango hivi kwa urahisi. Weka namba ya shirika kwenye simu, na siku ya kujaza karatasi za kazi mpya, omba fomu ya Payroll Giving pamoja na ile ya akaunti ya benki.