Kozi Kabla ya Kituo Kipya: Jinsi ya Kupanga Siku na Fedha

Mwanajeshi wa Marekani anapohamishwa na kupitia chuoni njiani, fedha huvuja zaidi katika siku zisizo na mwenyewe: kozi imekwisha Ijumaa, kituo kipya kinamtarajia wiki mbili baadaye. Ndizo ninazozisaka kwanza ninapompangia mtu safari.

Hatua ya 1: Anzia mwisho. Shika tarehe ya kuripoti, urudi nyuma siku kwa siku. Anayesafiri kwa gari lake huhesabiwa siku moja kwa kila maili 350, na masalio yakizidi maili 50 yanaongeza siku. Kwa hiyo maili 900 ni siku 3. Kila siku iliyobaki ipe jina: safari, kozi au likizo. Siku ya likizo haina posho, na mhusika aambiwe hivyo kabla hajalipia hoteli.

Hatua ya 2: Pima urefu wa kozi. Hapa usikimbilie hesabu. Mafunzo ya wiki 20 au zaidi mahali pamoja ni uhamisho kamili. Chini ya hapo ni safari ya kikazi ya muda, yenye posho ya kujikimu. Tofauti ya wiki moja inaweza kubadili makadirio yote, pamoja na uamuzi wa familia kuhama au kusubiri. Ningeomba familia ishirikishwe hapa hapa, kwa kuwa watoto wana shule na nyumba ina mkataba.

Hatua ya 3: Kadiria. Nauli, malazi, chakula. Uliza kama chuo kina bweni na mesi (ukumbi wa chakula wa wanajeshi), maana vikiwepo makadirio hushuka sana. Siku ya kuondoka kituo cha zamani na ya kufika kipya, weka asilimia 75 ya posho ya chakula.

Hatua ya 4: Tazama kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza Oktoba 1. Kozi ikivuka tarehe hiyo, pata jibu la maandishi: gharama za baada ya tarehe hiyo zinatoka fungu gani? Bunge likichelewa kupitisha bajeti, jibu hilo ndilo litakalokuokoa.

Hatua ya 5: Nafasi kwanza, tiketi baadaye. Chuo kisipothibitisha, usilipe chochote.

Hatua ya 6: Madai ya kurudishiwa fedha. Risiti za malazi zote zitunzwe, na za matumizi mengine kuanzia dola 75. Madai yawasilishwe ndani ya siku 5 za kazi baada ya safari.