SOMO: SAT "ya kufaulu" ni ngapi? Jinsi vyuo vya Marekani vinavyosoma alama zako

Wadau, kila NECTA wakitoa matokeo ya kidato cha sita simu yangu haipoi. Swali ni lile lile kuhusu SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani: "Mwalimu, SAT ya kufaulu ni ngapi?" Jibu langu huwa linaudhi: haipo. Swali lenyewe tumelizoea hapa nyumbani, maana TCU (tume ya vyuo vikuu) wana mstari wao, principal mbili (ufaulu wa masomo mawili makuu) zenye jumla ya pointi 4, na D mbili tu zinakufikisha hapo. Vyuo vingi vya Marekani vinavyochagua kwa ushindani havina mstari wa namna hiyo. Wanachukua alama yako, wanaiweka kando ya shule uliyosoma, ndipo wanaisoma. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Ujue mtihani. Alama zinaanzia 400 hadi 1600. Kiingereza (kusoma na kuandika) kina 800 na hisabati 800. Kiingereza ni maswali 54 kwa dakika 64, hisabati ni 44 kwa dakika 70. Unafanyia kwenye kompyuta au aipadi, simu hairuhusiwi, kwa programu iitwayo Bluebook. Kila sehemu imekatwa vipande viwili. Ukifanya vizuri cha kwanza, cha pili kinakuja kigumu zaidi, na alama kubwa ziko huko. Kwa hiyo kipande cha pili kikikuchachafya, usianze kulia, huenda ni dalili njema. Kukosea hakukatwi alama, usiache swali wazi. Kikokotoo kimo humo humo ndani ya programu. Sisi tuliolelewa na kitabu cha four-figure tuna haki ya kuona wivu.

Hatua ya 2: Vigawe vyuo vyako mafungu matatu. Wapo wanaodai alama: MIT walirudisha sharti hilo Machi 2022, Dartmouth Februari 2024, Harvard Aprili mwaka huo huo. Wapo walioacha iwe hiari tangu wakati wa korona. Na wapo wasioitazama kabisa, kama vyuo vya University of California. Huko hata ukiwa na 1600 hakuna atakayeifungua. Misimamo hii hubadilika, hivyo soma tovuti ya chuo mwaka ule ule unaoomba, usitegemee alichokuambia binamu aliyeondoka 2021.

Hatua ya 3: Tafuta mkanda wa chuo. Hapa ndipo watu wanapopotea. Vyuo vingi hutoa waraka uitwao Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo kwenye Google, kisha shuka mpaka kifungu C9. Utakuta namba mbili, tuseme 1440 na 1530. Maana yake, kati ya walioingia wakiwa wametuma alama, robo walikuwa na 1440 kushuka, na robo walikuwa na 1530 kupanda. Nusu ya katikati ndiyo mkanda. Sasa lisome hilo taratibu: robo nzima waliingia wakiwa chini au kwenye ukingo wa chini wa mkanda! Halafu rudi juu kidogo, C7, uone chuo chenyewe kinasema mtihani una uzito gani ukilinganisha na matokeo ya darasani, insha na barua za walimu. Mara nyingi utakuta matokeo ya darasani ndiyo yamepewa daraja la juu kabisa.

Hatua ya 4: Kutuma au kuficha. Pale ilipo hiari, kanuni ya mtaani inasema ukiwa ndani ya mkanda tuma, ukiwa chini ficha. Mimi siikubali moja kwa moja. Niliwahi kukaa na kijana wa Mbagala, kompyuta ya kuazima mezani, chai imepoa. Ana 1390: Kiingereza 640, hisabati 750. Chuo anachotaka mkanda wake ulikuwa karibu na huo niliotaja juu, na uhandisi ndio anaoomba. Anataka kuficha. Nikamwambia hebu jiweke kwenye kiti cha msomaji wa faili: shule ya serikali, darasa la watu sabini, hakuna hata mmoja shuleni kwake aliyewahi kufanya SAT, na huyu ana 750 ya hisabati. Wewe ungeificha?

Dartmouth waliporudisha mtihani walieleza jambo hilo hilo. Watafiti wao walikuta waombaji wa familia za kipato cha chini walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia, kwa kuwa walijilinganisha na mkanda badala ya mazingira yao.

Kijana alituma, akaingia. Sitadai ni kwa sababu ya alama. Insha yake ya kuandika daftari la madeni dukani kwa mangi ilikuwa tamu kweli.

Hatua ya 5: Rudia mara moja, si mara tano. Vyuo vingi huchukua Kiingereza chako bora na hisabati yako bora hata kama ni za siku tofauti. Vituo kwetu ni vichache, kwa hiyo jisajili mapema.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Tabata: Mwanangu ana Division One ya pointi 4. Hiyo haiwatoshi?

Hongera mama. Ila hata hapa tunaishi na hesabu mbili: A, A na B kwa NECTA ni pointi 4, kwa TCU ni pointi 14. Sasa mfikirie mtu wa Boston! Barua ya shule ieleze madaraja yetu yanavyokwenda. Matokeo hayo yana uzito mkubwa. SAT inampa msomaji kipimo anachokijua.

Kijana wa PCM: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza Mei, naenda JKT. Nitafanya lini?

Marahaba. Jisajili kabla hujaingia kambini, ufanye Oktoba au Novemba. Vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, masomo yanaanza Agosti au Septemba inayofuata.

Dada wa HKL: Ada hatuna. Alama inasaidia?

Inategemea chuo, dada. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii mfuko wako wakati wa kuamua, hata kwa wageni. Vingi vingine vinaangalia, kwa hiyo mwombaji anayehitaji msaada anashindania nafasi chache, na alama iliyo juu ya mkanda inakuwa na kazi zaidi. Hisabati ya SAT nyingi ni ya kidato cha tatu na cha nne, fukua madaftari.

Mwanachama mwingine: Kuna jamaa anasema nimpe laki tano anihakikishie 1500.

Mfungie namba.

Kijana wa PCM tena: Je, intaneti ikikatika katikati ya mtihani?

Unaendelea. Bluebook inahitaji mtandao wakati wa kuanza na wakati wa kutuma majibu mwishoni. Ila chaji ya kompyuta ni juu yako: ijaze usiku, na beba waya wa kuchajia.