Kumfundisha Mtoto Kuzidisha kwa Bao la Kete

Mtoto wa skuli anayeimba jedwali la kuzidisha pasipo kuliona hana pa kurejea siku anapousahau wimbo wake. Hapa kwetu Unguja na Pemba, picha ya kumwonyesha iko barazani: bao la kete, lenye safu 4 za mashimo manane manane, na kete zake 64. Asiye na bao achimbe vishimo mchangani na kutumia komwe.

Anza na makundi. Mwambie atie kete 4 katika kila shimo kwa mashimo 3, kisha aandike 4 + 4 + 4 = 12, na chini yake 3 × 4 = 12. Akikujibu 7, amejumlisha idadi ya mashimo na idadi ya kete za shimo moja. Usimkaripie, bali mwombe aguse shimo moja baada ya jingine huku akitaja kete zilizomo.

Akishamudu hilo, mpe bao zima, kete moja kila shimo, wala usimwache ahesabu moja moja. Ahesabu safu ya kwanza, apate 8, kisha aende kwa safu: 8, 16, 24, 32. (Ikiwa bao lenu lina nyumba, yaani lile shimo la mraba, mweleze mapema kuwa nalo ni shimo moja tu.) Sasa mhamishe akae ubavuni mwa bao. Hakuna kete iliyosogea, lakini anachokiona ni safu 8 za mashimo manne manne, na hapo 4 × 8 na 8 × 4 vinakuwa kitu kimoja mbele ya macho yake. Usiharakishe hatua hii, maana kwayo karibu nusu ya jedwali anakuwa ameshaijua kabla ya kufundishwa.

Hesabu ikimshinda, ligawe bao. Kwa 4 × 7, aache tupu mashimo 4 ya ukingoni, kisha alaze njiti ya chelewa baada ya shimo la 5 la kila safu: upande mmoja 20, upande wa pili 8, jumla 28. Nambari zikizidi ukubwa wa bao, achore mstatili daftarini na kuugawa vivyo hivyo; 6 × 14 inakuwa 60 na 24, yaani 84.

Na kabla hamjacheza bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete 2, muulize zinahitajika ngapi, azihesabu pembeni, kisha azigawe mashimoni aone kama zimetosha.