Unataka kupima kama mmea unaharibu uzazi wa panya? Usiishie siku 28

Kila msimu wa tafiti lazima nikutane na mwanafunzi kaja na mbegu zake za papai, kazikausha kivulini, kasaga, kawanywesha panya madume wiki nne, kahesabu mbegu za kiume kaona ziko vilevile, basi anataka kuandika "haina athari". Tulia kwanza. Panya dume anatumia siku hamsini na kitu kutengeneza mbegu moja mpaka itoke kwenye korodani, halafu inakaa tena wiki na zaidi kwenye epididimisi, ule mrija uliojikunja ubavuni mwa korodani, ikikomaa, kwa hiyo ukimchinja siku ya 28 mbegu nyingi unazoziona zilishaanza kutengenezwa kabla hata hujamshika. Panga siku 60. Najua chakula cha panya ni gharama, punguza dozi unazojaribu, usipunguze siku.

Kibali cha maadili kiwe mkononi kabla hujanunua panya, hilo halina mjadala.

Makundi sasa. Kama umeyeyusha dawa kwenye mafuta ya mahindi, kundi la kulinganishia nalo linywe mafuta ya mahindi kiasi kilekile, siyo maji. Ongeza kundi la dawa inayojulikana kuharibu mbegu, mfano siklofosfamaidi, maana hilo lisiposhuka ujue njia yako ya kupima ndo mbovu.

Dozi inaenda kwa uzito. Panya wa gramu 200 ukimpa miligramu 200 kwa kilo anatakiwa apate miligramu 40, sasa kama mchanganyiko wako una miligramu 40 kwa mililita unavuta mililita 1, basi. Mpime kila wiki coz anakua, ukiganda na hesabu ya siku ya kwanza mwisho wa siku unampa pungufu. Na akikonda sana kuwa makini, panya mwenye njaa hata homoni zake zinashuka, utasingizia mmea bure.

Kunywesha unatumia ile sindano ya chuma yenye ncha ya mviringo, unapitisha pembeni ya mdomo taratibu, ukiona inagoma usisukume, toa uanze upya. Dawa ikitokea puani ujue umeingia njia ya hewa.

Siku ya kuhesabu, kata mkia wa epididimisi weka kwenye salaini (maji ya chumvi) ya nyuzi 37. Mimi niliwahi kutumia salaini imetoka moja kwa moja kwenye friji, nikaangalia kwenye maikroskopu mbegu zimelala zote mpaka za wale waliokunywa maji tu, nikadhani nimegundua kitu kumbe ni baridi! Korodani za kukata vipande weka kwenye Bouin, kile kimiminika cha kuhifadhia tishu, fomalini ya kawaida inazisinyaza.

Ila kuhesabu mbegu peke yake hakutoshi, wapandishe. Dume mmoja majike wawili, asubuhi safisha uke kwa matone ya salaini uangalie, ukiona mbegu hiyo andika siku ya 0. Siku ya 20 fungua jike, hesabu vile vijinundu vya njano kwenye ovari, kila kimoja ni yai lililotoka, halafu hesabu mimba zilizojishika kwenye mji wa mimba. Tuseme vijinundu 12, mimba 7, mayai matano yamepotea hapo katikati na hayo ndo ya kulinganisha na kundi la kulinganishia.

Mwisho, bakiza madume wachache usiwachinje, waachishe dawa siku 60 nyingine uwapandishe tena. Gosipoli, kemikali ya mbegu za pamba, China waliijaribu kwa wanaume zaidi ya 8,000 miaka ya 1970, mbegu za kiume zilishuka kweli, tatizo wengine hazikurudi tena na wengine potasiamu ikashuka kwenye damu, ikaachwa. Kwa hiyo msimamizi akikwambia hao waliobaki wanakula bajeti, mwambie bado wana siku zao.