Namna ya Kujadili Uwezo na Urithi wa Buddy Rich
Wapenzi wa jazi wa Moshi mnaokutana jioni kumjadili Buddy Rich, mpiga dramu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1987, tenganisheni kwanza maswali mawili: alikuwa na ufundi kiasi gani, na aliwaachia nini waliomfuata.

Kuhusu ufundi, msibishane kabla ya kusikiliza. Chagueni rekodi moja, rudieni kipande kifupi cha dramu pekee, na mmoja wenu afuatilie mapigo ya dramu ndogo (snare) tu. Mtasikia kwamba, pamoja na wepesi wake wa ajabu, mapigo hayo hupanda na kushuka kwa uzito, na hapo ndipo hoja ya kuwa alikuwa na kasi tupu inapopwaya. (Kwangu mimi, kasi ndiyo sifa yake inayochosha upesi.)

Kuhusu urithi, mlinganisheni na Art Blakey, mpiga dramu mwenzake wa jazi, ambaye katika bendi yake walipitia wanamuziki waliokuja kuvuma wenyewe, kama Lee Morgan, Wayne Shorter na Wynton Marsalis. Anayemtetea Rich ana kazi ngumu hapo, ingawa anaweza kutaja bendi kubwa ya jazi (big band) aliyoiunda mwaka 1966, wakati bendi za aina hiyo zilikuwa zimepungua sana. Ukali wake kwa wanamuziki wake unajulikana, lakini usihesabiwe katika hoja ya ufundi.